Kuonja aina mpya za matufaha, zabibu na matunda mengine ukiwa Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kibandani wiki nenda wiki rudi, mengine hata kabla salamu hazijaisha. Nimeanza na yale ya mwanzo kabisa, yale ya ajabu yako mwishoni. Kama jibu limeshatolewa mahali pengine nitakuelekeza huko, sirudii.

## Ya kuanzia

1. Kwani epo si epo tu? Aina zina tofauti gani?

Tofauti ni kubwa, na huhitaji ulimi wa kitaalamu kuiona. Kata kipande cha Granny Smith, lile la kijani, halafu kipande cha Golden Delicious, lile la njano. La kwanza linavunjika kwa mlio na uchachu wake unakukunja uso. La pili ni laini, tamu, lina harufu inayokaribia asali, na uchachu wake ni wa kutafuta. Kwa mlaji hayo ni matunda mawili.

Duniani aina za matufaha zilizopewa majina ni zaidi ya 7,000. Chimbuko lake ni milima ya Tian Shan upande wa Kazakhstan, ambako matufaha ya porini yangali yanaota. Mtaalamu wa mimea Mrusi, Nikolai Vavilov, alifika Almaty mwaka 1929 akaona misitu hiyo, akasema hapa ndipo tufaha lilipotokea. Sisi Dodoma zinatufikia aina chache tu, na hata hizo chache watu wanazinunua kwa rangi: "nipe jekundu". Jekundu lipi? Red Delicious, Royal Gala na Fuji yote ni mekundu, na mdomoni hayafanani hata kidogo.

2. Aina zipi zinapatikana hapa mjini, na nizitambueje bila kuuliza?

Granny Smith ni kijani tupu, ganda gumu, chachu. Lilianzia kwa bibi mmoja wa Australia, Maria Ann Smith, ambaye mche wake uliota wenyewe shambani. Habari zake ziliandikwa mwaka 1868. Kwa juisi, kachumbari au kupikia, sioni la kulishinda.

Royal Gala lina michirizi myekundu juu ya njano, kwa kawaida ni dogo, tamu, ganda lake jembamba. Asili yake New Zealand. Watoto wengi hulipenda hili kwanza.

Fuji ni la Kijapani, lilipewa jina mwaka 1962. Wekundu wake umefifia kidogo, kama umepakwa kwa brashi kavu, na nyama yake imeshikamana, ina maji mengi na utamu mwingi. Likiwa zima halina mpinzani kwa kukata kiu.

Golden Delicious ni la njano lenye vidoa vidogo vya kahawia. Likibaki na ukijani kidogo ndiyo zuri zaidi; likishakuwa njano kabisa na ganda limeanza kusinyaa, liache.

Red Delicious ndilo lile jekundu lililokolea, refu kidogo, lenye vinundu vitano chini. Ndilo linalong'aa kuliko yote na ndilo linaloniletea malalamiko kuliko yote. Sababu iko swali la 8.

Mara mojamoja, hasa kwenye maduka makubwa, utakuta Pink Lady, lenye rangi ya waridi. Lina utamu na uchachu kwa pamoja, na bei yake iko juu. Ukiweza kununua moja tu la kujaribu, nunua hilo.

3. Namba kwenye kibandiko ina maana gani?

Ni namba ya kimataifa ya kutambua tunda dukani. Ya tarakimu nne inakuambia aina na ukubwa: 4017 ni Granny Smith kubwa, 4139 ni Granny Smith dogo, 4131 ni Fuji kubwa, 4011 ni ndizi. Ikiwa na tarakimu tano na inaanza na 9, tunda limelimwa kwa kilimo hai. Ule ujumbe unaozunguka kwenye simu kuwa namba inayoanza na 8 ni tunda la kubadilishwa vinasaba usikunyime usingizi. Namba hizo huzikuti sokoni.

Kibandiko hakikwambii tunda lilichumwa lini, na hilo ndilo ungependa kulijua zaidi. Kwa hilo tumia kalenda iliyo swali la 5.

4. Sijawahi kuonja kwa makusudi. Nianze na nini?

Nunua matufaha mawili ya aina mbili tofauti siku moja, ule yote mawili kwa pamoja. Basi. Ukila moja leo na lingine Jumamosi, ulimi hauna cha kulinganisha.

## Sokoni

5. Niende soko gani, na mwezi gani?

Soko la Majengo na la Sabasaba kwa mahitaji ya kila siku, na Soko Kuu la Job Ndugai kule Nzuguni kama unataka kuchagua kwa utulivu au kununua kwa boksi. Zabibu zina njia yake, tazama swali la 13. Tarehe 8 Agosti na siku zinazoitangulia usikose viwanja vya Nanenane Nzuguni: pale utakuta wakulima na watafiti wamesimama nyuma ya meza na aina ambazo hazijawahi kufika gengeni, na wanafurahi ukiuliza.

Kuhusu miezi: matufaha mengi tunayouza yanatoka Afrika Kusini, mabonde ya Elgin na Ceres. Kule wanavuna kuanzia mwisho wa Januari hadi Mei. Gala hutangulia, Granny Smith na Fuji hufuata, Pink Lady hufunga msimu. Kwa hiyo Machi hadi Juni ndiyo miezi ya kula tufaha la karibuni. Lile la Novemba au Desemba limekaa kwenye vyumba vya baridi kwa miezi mingi, hata kama ganda linang'aa. Desemba kula embe.

6. Muuzaji atakubali nionje kabla ya kununua?

Kwa zabibu, ndiyo, karibu kila mahali. Anayekunyima zabibu moja ana sababu zake. Kwa embe na tikiti, ukikuta limeshakatwa. Kwa tufaha ni vigumu, maana tunda moja linauzwa zima na likishang'atwa limekufa.

Njia inayofanya kazi ni hii. Salimia kwanza: "Shikamoo mama," au "Za asubuhi, kaka." Halafu sema: "Nataka kununua moja hapahapa, unikatie, nikilipenda naongeza." Mwenye biashara anasikia pesa ya tunda moja iko mkononi tayari, na kisu kinatoka. Wanaochukiwa ni wale wanaobonyeza kila tunda kwa kidole gumba wakaondoka. Alama ya kidole haionekani siku ile. Kesho yake pale pamekuwa kahawia, na hasara ni ya mwenye kibanda.

Usijiharibie nafasi ya kuonja kwa kujionyesha mtaalamu pia. Ukianza kumhubiria mama wa watu habari za Kazakhstan saa nne asubuhi ya soko, atakuuzia lililo chini ya tenga.

7. Kwenye boksi kumeandikwa 100, 125, 150 au 198. Ni bei? Ni ubora?

Ni idadi ya matufaha ndani ya boksi, ambalo kwa kawaida lina takriban kilo 18. Namba ikiwa kubwa, tunda ni dogo. Boksi la 100 lina matufaha ya gramu 180 hivi kila moja, la 198 yako karibu gramu 90. Ubora hauhusiani. Kwa kuonja mimi hupendelea madogo: yanakuwa magumu zaidi, na unapata aina nyingi kwa hela ileile. Makubwa sana huwahi kulegea.

8. Mbona tufaha zuri kwa nje, ukiling'ata ni unga mtupu?

Limezeeka au limepikwa na joto, au vyote viwili. Tunda likiwa zima, chembe zake zimeshikana na ukiling'ata zinapasuka, ndiyo maji yanaruka na unasikia ule mlio. Likikaa sana, gundi inayoshika chembe hizo inalegea. Meno yakipita, chembe zinaachana badala ya kupasuka, maji yanabaki ndani yake, na wewe unahisi unga mkavu mdomoni.

Red Delicious huwahi kufika hapo. Tatizo kubwa hapa kwetu ni safari: tunda linatoka kwenye baridi ya nyuzi 0 au 1, linashushwa Dar es Salaam, linapanda lori, halafu linapangwa juani kwenye meza Dodoma. Kila siku moja ya joto inakula siku nyingi za friji. Ndiyo maana nakushauri ununue asubuhi, kwa mtu aliye kivulini, na ulishike tunda kwa kiganja kizima. Likiwa zito kwa ukubwa wake na gumu pande zote, chukua. Likibonyea kidogo karibu na kikonyo, mwachie mwenyewe.

9. Ule mng'ao ni nta? Ina madhara?

Tufaha lina nta yake ya asili. Kiwandani likioshwa nta hiyo hupungua, basi hupakwa nyingine nyembamba, mara nyingi ya mti wa Brazil wa jamii ya minazi uitwao karnauba, ili lisipoteze maji. Inaliwa bila shida. Osha kwa maji safi yanayotiririka, sugua kwa mkono, futa kwa kitambaa. Kumenya ganda ni kutupa nusu ya harufu, na kama unaonja ili ujue aina, harufu ndiyo uliyoifuata.

## Kuonja nyumbani

10. Utaratibu mzuri wa kuonja ni upi?

Aina tatu au nne zinatosha. Zikizidi ulimi unachoka. Toa matunda kwenye friji kama nusu saa kabla, maana baridi kali huficha utamu na harufu. Kata kila moja mbele ya watu, si mapema.

Nusa kwanza palipokatwa. Kisha ng'ata ukiwa umefunga mdomo na usikilize: linavunjika, linakatika, au linabonyea? Tafuna taratibu uone kipi kinatangulia, utamu au uchachu, na kipi kinabaki baada ya kumeza. Gusa ganda peke yake kwa meno. Mengine yana ukakasi unaokausha ulimi, na huo huwezi kuuona ukila haraka. Kati ya aina moja na nyingine kunywa maji, au tafuna mkate mkavu kidogo. Chai ya tangawizi iwekeni mbali mpaka mmalize.

Mchezo unaoamsha watu ni kuonja macho yamefungwa. Mwenye kujiamini kuwa anajua jekundu na kijani hubaki kimya ghafla. Andikeni maneno yenu wenyewe kwenye daftari, hata kama ni "linanikumbusha pera bichi". Maneno ya kwenu yatawasaidia mwakani kuliko maneno ya kuazima.

Vipande vikianza kugeuka kahawia havijaharibika, ni hewa tu. Wakicheleweshwa wageni, vichovye kwenye maji yenye chumvi kidogo sana au matone ya limau. Kwa kuonja tumia chumvi, uisuuze. Limau litaongeza uchachu ambao tunda halina.

11. Matunda gani yanaendelea kuiva nyumbani, na yapi yakichumwa ndiyo basi?

Hili watu wanalipuuza sana. Embe, parachichi, ndizi, papai, stafeli, pera na tufaha huendelea kuiva baada ya kuchumwa, ndiyo maana kuvundika kunawezekana. Zabibu, tikiti, nanasi, stroberi na machungwa hayaongezi utamu tena. Yanalegea tu na kuoza. Zabibu chachu uliyoinunua Jumatatu itakuwa chachu Ijumaa. Tikiti liangalie kabla ya kulipa: lile doa lililolala ardhini liwe la njano iliyoiva, si jeupe.

Tufaha pia hutoa gesi ya etileni ambayo huivisha wenzake. Weka tufaha moja na parachichi gumu kwenye mfuko wa karatasi, litawahi. Kwa sababu hiyohiyo usiliweke kwenye droo moja na mchicha au karoti: mchicha utapata unjano, karoti zitakuwa chungu.

12. Nina watoto. Kuna jaribio la kuwaonyesha?

Lipo zuri, na wakulima wa matufaha wenyewe hulitumia kuamua siku ya kuvuna. Nunua tincha ya iodini duka la dawa. Kata tufaha katikati kwa upana, si kutoka kikonyoni kwenda chini, utaona nyota ya mbegu. Paka iodini palipokatwa usubiri dakika mbili tatu. Sehemu zenye wanga zitageuka bluu iliyo karibu na nyeusi. Zilizokwisha kugeuka sukari zitabaki na rangi ya tunda. Tufaha bichi linakuwa jeusi karibu lote, lililoiva linabaki jeupe kuanzia kwenye nyota. Jaribuni pia ndizi mbichi na mbivu. Vipande vilivyopakwa iodini vitupwe, visiliwe.

## Zabibu, maana ndiko tuliko

13. Zabibu za Dodoma zina aina? Na nizifuate wapi?

Zipo, na hapa ndipo mtu wa Dodoma ana bahati ambayo mwenzake wa mikoa mingine hana. Mkulima akisema "hizi ni za mchuzi" anamaanisha zabibu za kukamua: Makutupora Red, ya divai nyekundu, pamoja na Chenin Blanc nyeupe na Syrah. Zabibu za mezani ni nyingine: Ruby Seedless isiyo na mbegu, Black Rose, Halili Belyi, Queen of Vineyard. Nyingi kati ya hizi utazikuta kwenye kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI Makutupora, ambacho ndicho kinachoshughulikia zabibu nchini na kuzalisha miche.

Onja Makutupora Red na Ruby Seedless pamoja. Ruby inapasuka, inatelezea, utamu wake ni wa moja kwa moja. Makutupora ina punje ndogo, ganda nene lenye ukakasi, mbegu, na harufu nzito inayobaki mdomoni. Wengi wanaiita mbaya kwa kuwa waliitarajia iwe ya mezani. Iweke kwenye jagi uikamue, uipoze, halafu useme tena.

Kuzifuata, toka mjini: barabara ya Iringa kupitia Bihawana na Mpunguzi, au Hombolo, au Chamwino upande wa Mvumi na Chinangali. Msimu ukifika wauzaji wanakaa kando ya barabara na ndoo. Bihawana ina historia yake, maana mizabibu ya huku ilienezwa na wamisionari Wakatoliki waliohitaji divai ya misa.

14. Mbona zabibu zinapatikana mara mbili kwa mwaka?

Kwa sababu Dodoma hakuna majira ya baridi kali ya kuulaza mzabibu. Ulaya mti unalala miezi kadhaa na kuzaa mara moja. Hapa mkulima ndiye anayeuamsha, kwa kupogoa: akikata matawi, baada ya takriban miezi minne anavuna. Kuna mavuno ya karibu na Machi, na ya kiangazi, Agosti na Septemba.

Kwa kuonja subiri ya kiangazi. Mvua za Machi hujaza punje maji na kuleta ukungu. Ya kiangazi ina jua kavu, punje ndogo, sukari nyingi. Aina ileile, shamba lilelile, misimu miwili: linganisha.

15. Lile vumbi jeupe juu ya zabibu ni dawa?

Mara nyingi ni nta ya zabibu yenyewe, na ni dalili kuwa hazijashikwashikwa. Inaenea sawasawa na ukipitisha kidole inafutika ikaacha ganda linalong'aa. Mabaki ya dawa hukaa kwa madoa au matone yaliyokauka, mengine ya kibluu kama ni dawa ya shaba. Kwa vyovyote osha. Kuosha ni muda mfupi kabla ya kula, kwani ukiosha na kuziweka zinaoza upesi.

## Mengine ya hapa na ya jirani

16. Kwenye maembe nitafute aina gani?

Dodo na bolibo unazijua. Sindano ni jembamba refu. Embe epo, la mviringo, limetokea pwani ya Kenya, na kwa maoni yangu ndilo lenye harufu nzuri kuliko yote yanayofika hapa. Tommy Atkins, lenye asili ya Florida kama Kent na Keitt, lina wekundu wa kuvutia na linavumilia safari, lakini nyuzi zake zinabaki kwenye meno na ladha yake ni hafifu. Keitt linadanganya kwa upande mwingine: linaiva likiwa bado kijani. Bonyeza kwa upole karibu na kikonyo, na unuse.

Embe la kuvundikwa kwa haraka utalijua kwa ganda la njano sawasawa na nyama chachu karibu na kokwa.

17. Ubuyu, ukwaju na matunda ya porini nayo yana aina?

Hayana majina ya dukani, lakini kila mti una tabia yake, na wachumaji wanajua. Mibuyu ya njia ya Mtera ukiionja mmoja mmoja utakuta mwingine unga wake ni mweupe na mchachu wa kukufumba jicho, mwingine una unjano kidogo na utamu. Tatizo ni kwamba magunia yakishachanganywa mjini, tofauti imepotea, na wengi wanaijua ubuyu ile iliyopikwa kwa sukari na rangi nyekundu tu. Omba ubuyu mkavu usiopikwa, wenye nyuzi, umung'unye bila sukari.

Ukwaju nao vilevile. Thailand wana ukwaju mtamu unaoliwa mkavu mkononi, wetu wengi ni wa kukunja uso na ndiyo raha yake kwenye juisi. Kisha kuna furu nyeusi, ng'ongo, zambarau na kunazi. Hizi hazina meza ya kudumu sokoni. Zinakuja kwa beseni la mtoto au la bibi kutoka kijijini, siku mbili tatu, zinapotea. Ukiziona nunua siku hiyohiyo. Tunda la porini usilolijua usilionje mpaka mwenyeji alile mbele yako.

18. Matufaha ya Tanzania yapo?

Yapo, ya nyanda za juu: Njombe na Makete, pia Lushoto. Ni madogo, hayana mng'ao, mengine yana makovu, na yanakuja kwa msimu. Lushoto huleta pia plamu, pichi na peasi kuanzia mwisho wa mwaka. Yakifika Dodoma hukaa siku chache. Mwombe muuzaji wako akupigie yakishuka. Anayekataa namba ya mteja simjui.

19. Na mboga je?

Anza na mlenda. Wa majani mabichi na ule uliokaushwa na kusagwa, unaoliwa na ugali wa uwele au mtama, ni vyakula viwili. Kwenye nyanya, Tengeru 97 na Tanya ni aina zilizotolewa hapahapa nchini; ganda lao gumu limependwa kwa safari, si kwa kachumbari.

## Kupanda

20. Naweza kupanda mtufaha Dodoma?

Unaweza kupanda. Kuvuna ni habari nyingine. Mtufaha wa kawaida unahitaji saa 800 hadi 1,000 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 ili machipukizi yaamke sawasawa. Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, na hata usiku wa Julai baridi yetu haifiki huko.

Zipo aina zinazohitaji baridi kidogo sana: Anna ya Israeli na Dorsett Golden ya Bahamas. Zipande zote mbili, maana zinachavushana. Kule Batu, Java, wakulima huvunja usingizi wa mti kwa kupukutisha majani yote kwa mkono baada ya kuvuna, na njia hiyo unaweza kuijaribu bustanini. Maji ya kumwagilia ni lazima, mvua yetu ni ya Desemba hadi Aprili tu. Kwa biashara siwezi kukushauri, panda mzabibu.

21. Nikipanda mbegu ya Fuji nitapata Fuji?

Hapana. Kila mbegu ya tufaha ni mtoto wa wazazi wawili na haifanani kamili na yeyote. Mengi yake huwa madogo na machachu. Fuji zote duniani zimetokana na kubebesha, yaani kuunganisha kwenye shina la mche mwingine, kikonyo (hapa ni kijiti cha tawi) cha mti uleule wa mwanzo. Ndivyo ilivyo kwa maembe mengi ya kisasa na parachichi. Mzabibu ni rahisi zaidi, unapanda pingili. Anayekuuzia mche aseme kama ni wa kubebesha, na akuonyeshe kovu la kiungio.

22. Nikisafiri naweza kurudi na mche, au mbegu kwenye mkoba?

Bila kibali usifanye. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ndiyo inayotoa kibali cha kuingiza, na nchi unakotoka inatoa cheti cha afya ya mimea. Sababu unaiona kwenye embe lenye funza: nzi wa matunda aitwaye Bactrocera dorsalis ni wa Asia, aligunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003, na tangu hapo wakulima wa maembe wanahangaika naye.

## Afya

23. Nina kisukari. Nionje?

Vipande vya kuonja, vya tunda zima na si juisi, kwa kawaida ni jambo la kupanga tu na mhudumu wako wa kliniki. Zabibu na embe bivu zina sukari nyingi kuliko tufaha la kijani, kwa hiyo usizipange siku moja.

24. Mbegu za tufaha ni sumu?

Zina amigdalini, ambayo zikitafunwa hutoa sianidi. Kumeza mbegu mbili tatu nzima hakuna shida. Kusaga mbegu nyingi kwenye juisi ndiko kubaya, kwa hiyo toa kitovu kabla ya kuweka kwenye blenda.

25. Kuna tunda jipya ninalopaswa kuliogopa?

Mawili. Balungi hugongana na baadhi ya dawa za presha na za kolesteroli, ikiwemo simvastatini. Kama unameza dawa kila siku muulize mfamasia. Na karambola, lile ukilikata linatoka umbo la nyota: mwenye ugonjwa wa figo asilionje hata kipande, linaweza kumletea kwikwi isiyokatika, kuchanganyikiwa na hata kifo.

## Lile la mwisho

26. Shambani kwetu kuna mti mmoja unaozaa matunda tofauti na mingine yote. Je, nimegundua aina mpya?

Inawezekana. Granny Smith lilipatikana hivyo, na parachichi la Hass pia: mgawa barua wa California, Rudolph Hass, alipanda mbegu, mti ukatoka na tunda lisilofanana na mengine, akaupatia hataza mwaka 1935. Wakati mwingine ni tawi moja tu limebadilika. Royal Gala ni tawi la Gala lililozaa mekundu zaidi.

Kwanza ondoa sababu za kawaida. Mti ulio karibu na choo, zizi au bomba linalovuja utazaa vikubwa na vitamu bila kuwa aina mpya. Funga kitambaa kwenye mti au tawi hilo. Bebesha vikonyo vyake kwenye miche mitatu minne, uipande sehemu tofauti ya shamba. Ikizaa tunda lilelile kule, una kitu. Isipozaa, ulikuwa udongo.

Piga picha ya tunda zima na lililokatwa, andika tarehe ya maua na ya kuiva kila msimu, onjesha watu wasiojua limetoka wapi (swali la 10). Kama ni zabibu nenda Makutupora. Kwa mengine anza na afisa ugani wa kata. Tanzania ina sheria ya mwaka 2012 inayolinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea: aina lazima iwe ya kipekee, ifanane mti kwa mti, isibadilike ikizalishwa tena, na iwe na jina. Lazima pia iwe mpya sokoni. Ukishaiuza hapa nchini zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kupeleka maombi, upya huo umepotea, kwa hiyo jirani akikuomba vikonyo vya kununua mwambie asubiri kwanza.